Sakafu ya Pili

Fundi Nzanzu amekuja na kamba, na penseli sikioni,
akapiga magoti, akaligonga jiwe kwa kisigino cha nyundo,
ngo, ngo,
kisha akaniuliza kama anayeuliza chai au kahawa:
"Mama Kavugho, chini tuweke nini?"

Chini.
Chini yetu kuna nyumba, fundi.
Ilikuwa na vyumba vitatu na sakafu ya simenti nyekundu
ambayo mama aliisugua kila Jumamosi kwa nta
na kipande cha blanketi, mpaka kuku wakiingia
wanasimama, wanatazamana na kuku wengine.
Moto ulipita humo Januari, ukatanda, ukapoa,
na sasa sakafu ile iko mita mbili chini ya soli zako,
labda bado inang'aa. Nani atabisha?

Haya, tuongee karo.
Nimeshuka Birere, nimezipapasa kama kitenge,
nyeupe zenye mshipa wa kijivu,
gundi bei yake mbali, za kuvunjika njiani mbali,
maana chukudu haijui huruma juu ya mawe.
Muuzaji alimwaga maji juu ya moja, akayafuta kwa kiganja:
"Unaona? Mara moja tu."
Niliona. Niliona na fimbo ya mama
ikiteleza kwenye yale maji kabla hajayafuta.
Halafu msimu wa mvua karo hutoa jasho;
asubuhi unashusha mguu, unakanyaga samaki.

Mbao? Nimezaa watoto wawili juu ya mbao.
Baada ya ule moto, Murara nzima ilikaa kwenye mbao.
Zina joto, sikatai, na zina mdomo:
ukiamka usiku kwenda kukojoa, jirani anakuhesabia hatua.
Ila kati ya ubao na ubao hupita upepo wa ziwa,
hupita panya, hupita kila kitu chembamba.
Tulipozing'oa tulikuta sindano saba,
jino la Muhindo,
na ufunguo wa mlango wa nyumba ya chini.
Mama aliufuta kwenye sketi, akautia mfukoni.
Hakuna aliyesema neno.

Prelati ni ya haraka, unaikunjua kama mkeka.
Maua yake hufia mlangoni kwanza, pale tunapopita wote;
yale ya chini ya kitanda yananawiri bure.

Shemeji wa Masisi akapiga simu: "Kandikeni udongo,
hauumizi goti, haudai dola."
Shemeji, hapa udongo tunaununua kwa gunia
tukitaka shina kumi za lengalenga.

Nikamwendea mama. Alikuwa ameketi juu ya kinundu cha jiwe
katikati ya chumba kitakachokuwa chake, viatu pembeni.
"Niwekee kitu ninachoweza kukisugua."
"Na magoti yako?"
"Magoti si yangu?"

Basi simenti, fundi. Piga hesabu ya mifuko.
Na ile poda nyekundu, ya kopo, usiniletee ya kupima kwa kijiko.
Nzanzu akaandika ukutani: kumi na moja.
Akakitazama kinundu. "Hiki ni siku mbili za nyundo,
siku mbili za mshahara. Nikivunje?"
Muhindo alikwisha kukikalia, anakula muhindi.
Nikasema kiache. Kitokeze.
Kimekuja hapa kabla yetu, au baada yetu,
sijui tena mpangilio wa mambo.

"Siku tatu msikanyage," akasema, akaweka ubao mlangoni.

Siku ya pili, alfajiri, nilimkuta mama pale kizingitini,
kipande cha blanketi mkononi, akiinusa simenti mbichi
kama mtu anayengoja ugali uive.
"Bado, mama."
"Najua. Kwani nimeingia?"
Kidole gumba cha mguu wake
kilikuwa tayari ndani.